Shule ya Serikali Kijijini ni Shule ya Nani?

Mzazi wa mashambani akiulizwa kwa nini paa la darasa lavuja, mara nyingi hujibu, "Hiyo ni shule ya serikali, na serikali ije iitengeneze." Jibu hilo lina haki ndani yake. Kodi hulipwa na watu wote, na tangu Januari 2003 elimu ya msingi katika shule za umma za Kenya haitozwi ada ya masomo. Lakini jibu hilo lina hasara pia. Serikali huajiri walimu na huleta vitabu, wala hailali kijijini. Haimwoni mtoto anayezurura sokoni saa nne ya asubuhi, wala haisikii bati linalong'olewa na upepo usiku. Anayeona na kusikia hayo ni jirani wa shule.

Basi leo twataka kueleza namna wenyeji wanavyoweza kushika shule yao, na namna masomo ya vitendo yanavyoweza kuwafaa watoto wao. Mambo hayo mawili huenda pamoja, na moja likiachwa, la pili hulegea.

HABARI ZA KALE KIDOGO

Fikira hii si mpya. Mwaka 1908, katika wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia, Marekani, mwalimu Mwafrika-Mmarekani aliyeitwa Virginia Randolph alipewa kazi ya kuzizungukia shule za watoto weusi za mashambani. Shule zile zilikuwa maskini sana. Yeye aliwakusanya wazazi, wakasafisha viwanja, wakapanda miti, na watoto wakafundishwa kazi za mikono pamoja na kusoma na kuhesabu. Mshahara wa walimu wa namna hiyo ulitoka katika mali iliyotolewa mwaka 1907 na bibi mmoja wa Philadelphia, jina lake Anna Jeanes.

Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dakta James Aggrey, mzaliwa wa nchi iitwayo sasa Ghana. Mwaka uliofuata, yaani 1925, Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi. Walimu walikwenda kusoma huko pamoja na wake zao, kisha wakarudi kuzitembelea shule ndogo za vijijini, wakifundisha afya, bustani na ufundi. Mwaka 1961 mahali pale pakageuzwa kuwa chuo cha kuwafundisha maofisa wa serikali.

KWA NINI WAZAZI WALITIA SHAKA

Hata hivyo si wazazi wote waliopendezwa na mafundisho hayo. Wengi walihofu kwamba watoto wao wapewa jembe ili wanyimwe kalamu. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana katika siku zile za ukoloni walikuwako walowezi waliotaka Mwafrika afundishwe kazi za mikono tu, asipande juu. Ndiyo sababu watu wengi wa Kenya ya kati, tangu miaka ya 1930, walijenga shule zao wenyewe zilizo huru, wakidai vitabu na lugha ya Kiingereza.

Baada ya uhuru jambo hilo lilirudi kwa sura nyingine. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliweka masomo ya kilimo, sayansi kimu, sanaa na ufundi katika shule za msingi. Nia yake ilikuwa njema, lakini wazazi waliambiwa wajenge karakana, na karakana nyingi hazikukamilika wala kupata zana. Tangu mwaka 2019 Mtaala wa Umilisi umeenea nchini kuanzia madarasa ya chini, nao wataka mtoto atende, si kukariri tu. Lakini manung'uniko yale yale yamesikika: mzazi huagizwa vifaa bila kuelezwa sababu, kisha hukesha akifanya yeye kazi aliyopewa mtoto.

Historia hii yatufundisha neno moja. Kazi ya mikono isiyomfikirisha mtoto si somo, bali ni utumishi. Mtoto akilima shamba la mwalimu mchana kutwa, au akipewa jembe kama adhabu, hajifunzi kilimo. Ajifunza kuchukia kilimo. Kadhalika mzazi anayeitwa shuleni kutoa fedha tu, asiulizwe shauri lolote, hajifunzi kuipenda shule, ajifunza kuikimbia.

SOMO LA MVUA

Je, somo la vitendo lililo la kweli ni la namna gani? Na tuchukue mfano wa mvua, ambao hauhitaji zana za gharama.

Watoto hutafuta mkebe ambao upana wake ni mmoja kuanzia chini hadi juu. Huuweka mahali peupe, mbali na miti na kuta. Kila siku, saa tatu ya asubuhi, mmoja wao hupima kwa rula kina cha maji, akaandika milimita daftarini, kisha akaumwaga. Halafu hupima urefu na upana wa eneo lililofunikwa na paa la darasa. Kanuni yenyewe ni rahisi: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1, hutoa lita 1 ya maji.

Tuseme paa lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, yaani mita mraba 80. Mvua ya milimita 25 italiletea paa hilo lita 2,000. Tukikadiria kwamba sehemu moja kwa tano hupotea njiani, zitabaki lita 1,600. Ikiwa shule ina watoto 200, na kila mmoja hutumia nusu lita kunawa mikono kwa siku, maji hayo yatatosha siku 16. Hapo mtoto amejifunza eneo, ujazo, sehemu na kugawanya, na tena ameona faida ya hesabu kwa macho yake. Afya nayo imo: watoto hufundishwa kuyaacha maji ya mvua ya kwanza yapite, kwa kuwa huosha vumbi na uchafu wa paa, na kwamba maji ya kunywa sharti yachemshwe.

Sasa tuseme mkebe waonyesha kwamba tangi lilipasa kupata lita 1,600, lakini limepata 700 tu. Maji yamekwenda wapi? Watoto watafuata mfereji wa bati mpaka waone ulipotoboka au ulipolegea. Habari hiyo itapelekwa kwa wazazi, si kama malalamiko matupu, bali pamoja na hesabu yake. Fundi bati wa kijijini ataitwa, naye atengenezapo, watoto watasimama karibu wajifunze. Hivyo daftari la mtoto limeamsha wazazi, na ufundi wa mzazi umekuwa somo la mtoto.

Bustani nayo ni vivyo hivyo. Kitalu cha mita 6 kwa mita 3, miche ya sukuma wiki ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kila upande, huchukua miche 50. Watoto na wapande nusu kwa samadi na nusu bila samadi, wapime mavuno ya kila nusu, waandike. Mavuno yakiliwa na watoto wenyewe, au yakiuzwa na fedha zikaandikwa wazi, hakuna atakayesema kwamba wamefanywa vibarua.

WAZAZI NA MATUMIZI YA FEDHA

Watu wetu wajua kazi ya pamoja tangu zamani. Wakamba huiita mwethya, na Wakikuyu huiita ngwatio. Baada ya mwito wa Harambee wa mwaka 1963, wananchi walijenga shule za sekondari nyingi mno, hata katika miaka ya 1970 zikazidi kwa idadi zile zilizosaidiwa na serikali. Lakini ada zilipofutwa mwaka 2003, na serikali ikaanza kupeleka shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, wazazi wengi walidhani kazi yao imekwisha.

Haikwisha, bali iligeuka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yaagiza kwamba shule ya umma iwe na Bodi ya Usimamizi, na ndani yake wamo watu 6 waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi. Tena kila mzazi ni mwanachama wa Chama cha Wazazi cha shule. Basi mzazi ana haki ya kuuliza ni fedha kiasi gani zimepokewa, zimenunua nini, na kimebaki kiasi gani. Kuuliza hivyo si ugomvi na mwalimu mkuu. Mwalimu mwaminifu hufurahi, maana hesabu iliyobandikwa ukutani humwondolea masingizio.

Jambo moja lisisahauliwe. Msaada wa wenyeji usigeuzwe kuwa ada kwa jina jingine. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba mtoto asikataliwe kuhudhuria shule kwa sababu mchango haukulipwa. Asiye na fedha na alete nguvu zake au maarifa yake. Mzee ajuaye kusuka vikapu, mama ajuaye kuchagua mbegu, na kijana fundi seremala, kila mmoja ana somo la saa moja la kuwapa watoto, mwalimu akiwa hapo kulinganisha na mtaala.

MAMBO YA KUANZIA

Wenyeji wanaotaka kuanza wasingoje mambo makubwa. Na wachague jambo moja kwa muhula mmoja: tangi, bustani, au mahudhurio ya watoto. Na waandike hali ilivyo siku ya kwanza, kisha wapime tena muhula ukiisha. Mkutano ufanywe saa ambayo akina mama hawako kisimani wala sokoni, kwa kuwa wao ndio wamjuao mtoto aliyekuja shuleni na njaa. Na yale yaliyo ya serikali, kama uhaba wa walimu na madarasa, yadaiwe kwa serikali bila woga. Kazi ya mikono ya wazazi isiwe kisingizio cha kuisamehe deni lake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Serikali peke yake haiwezi kuitengeneza shule ya kijiji, wala kijiji peke yake hakiwezi. Lakini mahali ambapo mzazi aweza kusoma hesabu za shule ukutani, na mtoto aweza kumweleza baba yake ni lita ngapi za maji zimo tangini na kwa nini, swali la kuwa shule ile ni ya nani limekwisha kujibiwa.