Punje Iliyokataliwa Inakwenda Wapi? Utangulizi wa Uchumi wa Usalama wa Chakula

Kuna fani ambayo wachumi wengi wa Afrika Mashariki huipita bila kujua kuwa ipo. Tumezoea kumwona mchumi wa Serikali akihesabu kodi, mfumuko wa bei na tani za tumbaku. Habari za chakula chenye sumu tumemwachia daktari, mkemia na afisa afya. Mkemia atakuambia gunia lina sumu kiasi gani, na daktari atakuambia sumu hiyo inalifanya nini ini la mtoto. Lakini kwa nini mkulima anayejua kabisa namna ya kukausha mahindi huyaanika kwenye udongo? Kwa nini mnunuzi hamwongezei hata shilingi yule aliyeyaanika kwenye turubai? Na gunia lililokataliwa mpakani linaishia kwenye chungu cha nani? Hayo ni maswali ya bei, gharama na kipato, na asipoyajibu mchumi hayatajibiwa na mtu mwingine.

Utangulizi huu nimewaandikia wanafunzi wa uchumi na kilimo, maofisa wapya katika mamlaka za udhibiti, na yeyote anayekula chakula asichokilima mwenyewe. Nimechagua kuufundisha kutoka Tabora. Hapa chakula kimekuwa bidhaa ya safari ndefu kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingi za bara, na safari ndefu ndiyo iliyozaa tatizo tunalokwenda kulijadili.

Katikati ya karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe, eneo la Tabora. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kaze, palipo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, wakakuta mji wa biashara uliokwisha kukomaa. Wapagazi walipewa posho kwa kibaba cha nafaka, au kwa nguo ya kubadilishana na chakula njiani. Kati ya Ugogo na Unyanyembe kulikuwa na Mgunda Mkali, pori lenye maji haba na vijiji vya kuhesabika. Msafara ulioingia humo na nafaka iliyooza haukuwa na pa kununulia nyingine. Maabara haikuwapo. Mnunuzi alitegemea macho, pua na meno, na zaidi ya yote alitegemea kwamba muuzaji anajua msafara utapita tena njia ile ile.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo dagaa wa Ziwa Tanganyika, mahindi na karanga vimesafiri mbali zaidi, kwa haraka zaidi, na kupita mikono mingi zaidi. Leo mlaji wa Dar es Salaam hamjui mkulima wa Kaliua mkoani Tabora, na mkulima hatamwona mlaji huyo maisha yake yote. Ile hofu ya kukutana tena, iliyokuwa ikimlinda mpagazi, imekwisha. Ni lazima kitu kingine kishike nafasi yake, na kitu hicho ndicho tunachokiita udhibiti.

Nadharia yenyewe ni nyepesi kuielewa. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof wa Marekani alionyesha kinachotokea mnunuzi asipoweza kutambua bidhaa nzuri na mbovu: hulipa bei ya kati kwa zote, mwenye bidhaa nzuri huona hasara na kujitoa, na sokoni hubaki mbovu. Mfano wake ulikuwa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Chakula kina ugumu zaidi kuliko gari. Gari bovu litakuharibikia barabarani nawe utajua umepunjwa. Chakula chenye sumu kidogo kidogo unaweza kukila miaka 20 bila kuumwa tumbo hata siku moja, na ugonjwa ukija huna wa kumdai.

Twende sokoni msimu wa karanga. Muuzaji amemwaga karanga kwenye ungo na vidole vyake vinapita haraka. Zilizojaa na zenye ngozi nyekundu isiyo na doa anazisukuma upande mmoja. Zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizoanza kuota ukungu wa kijani anazisogeza upande mwingine. Fungu la kwanza litauzwa bei nzuri, litakaangwa au litasafirishwa. Sasa angalia fungu la pili. Halitupwi. Mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini na kusagwa, na unga wake huungwa kwenye mboga au huchanganywa kwenye uji wa mtoto. Likishasagwa hakuna jicho litakalolitambua. Kila hatua ya uchambuzi inasafisha chakula cha mwenye fedha na kuongeza uchafu katika chakula cha asiye nazo.

Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote katika fani hii: punje iliyokataliwa haipotei. Inateremka bei mpaka impate mtu asiye na uwezo wa kuikataa. Sheria inayohesabu magunia yaliyozuiwa na isiyofuatilia yalikokwenda imehesabu nusu ya hesabu.

Sumu inayoletwa na ukungu huo tunaiita sumukuvu. Historia yake inakutana na historia ya mkoa huu wa Tabora kwa namna inayofaa kukumbukwa. Kati ya 1947 na 1951 Serikali ya Uingereza iliendesha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, maeneo yake yakiwa Kongwa, Nachingwea na Urambo ya hapa mkoani. Mradi ulianguka, na Urambo ikaishia kuwa nchi ya tumbaku. Mwaka 1960, huko huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliogundua sumukuvu. Ilichukua kifo cha mifugo ya nchi tajiri ili dunia ijue kilichokuwamo ndani ya chakula cha watu wa nchi maskini.

Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Ugali ulioiva sawasawa unaweza kuwa nayo. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi kinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 kwa kilo, na si zaidi ya 5 za aina ya B1 ambayo ni kali kuliko zote. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Namba hizi zinaonekana kama kazi ya maabara tupu, lakini kuzitekeleza ni kazi ya uchumi. Sumu haisambai sawasawa ndani ya gunia: punje chache zilizooza zinaweza kubeba karibu sumu yote. Ukichota kiganja kimoja waweza kuzikosa ukapitisha gunia bovu, au ukaziokota zote ukakataa shehena ambayo kwa wastani ni salama. Kila sampuli ya ziada hupunguza kosa na huongeza gharama. Nani azilipe?

Fanya hesabu hii ya mfano. Tuseme kipimo kimoja kinagharimu shilingi 60,000. Mfanyabiashara mwenye lori la tani 30, yaani magunia 300 ya kilo 100, atabeba shilingi 200 kwa gunia. Mama mwenye gunia moja atabeba shilingi 60,000 zote peke yake. Sheria ni moja, kipimo ni kimoja, lakini mmoja hausikii mzigo na mwingine umemtoa sokoni. Akishatoka soko rasmi haachi kuuza. Anauza jioni, kando ya njia, ambako hakuna anayepima. Kwa hiyo kanuni iliyoandikwa bila hesabu ya mzigo inaweza kupunguza usalama badala ya kuuongeza. Dawa yake inajulikana: vikundi na vyama vya ushirika vikusanye mazao ili gharama igawanywe, au Serikali ilipe kipimo kwa wadogo kwa sababu faida yake ni ya umma.

Udhibiti wa mpakani una somo lake. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha uagizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Katika siku chache zuio liliondolewa na masharti yakawekwa, kikiwamo cheti kinachothibitisha kuwa mzigo uko chini ya kiwango. Magazeti yaliandika juu ya malori yaliyokwama na uhusiano wa nchi. Mchumi wa fani hii anauliza swali la tatu: mahindi yaliyorudishwa yalikwenda wapi? Kama yalikuwa na sumu kwa Mkenya, yalikuwa na sumu kwa Mtanzania pia.

Somo jingine ni chungu zaidi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafa. Kenya ilikwisha kupata msiba mkubwa zaidi mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, ambako kati ya wagonjwa 317 walikufa 125. Watafiti waliofuatilia tukio la 2016 walikuta kwamba wagonjwa walikuwa wakila mahindi waliyoyalima wenyewe. Mahindi hayo hayakupita sokoni wala mpakani. Hayakukutana na mkaguzi. Hapa faini na cheti havina kazi. Kinachosaidia ni turubai, mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, ghala kavu na ushauri wa ugani unaofika kabla ya mavuno. Ndiyo maana mradi wa Serikali wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, ulijumuisha Tabora miongoni mwa mikoa yake na kutilia mkazo kazi ya shambani na ghalani. Mchumi anapaswa kulinganisha: shilingi milioni moja ya ukaguzi na milioni moja ya maturubai, ipi itaokoa maisha mengi zaidi?

Njaa nayo imo ndani ya hesabu. Wakati wa ukame wa 1985, huko Tarime, familia zilifupisha siku za kusindika mihogo michungu kwa sababu hazikuwa na kingine cha kula. Watu wakapooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, unaotokana na sianidi ya mihogo. Walijua kusindika, walichokosa ni muda wa kusubiri. Ukitunga sheria ya usalama inayopandisha bei ya chakula katika mwaka wa njaa, kumbuka Tarime.

Wenye kutaka kuiona kazi hii kitaasisi waanze na miaka mitatu. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kudhibiti ubora wa chakula. Mwaka 2003 ikafuata Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi iliyounda Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Mwaka 2019, kwa Sheria ya Fedha, usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mabadiliko haya ya mwisho yalitokana na hoja ya kiuchumi: mzalishaji mmoja alikuwa akikaguliwa na kutozwa ada na taasisi zaidi ya moja kwa jambo lile lile. Mchumi ndani ya mamlaka hufanya kazi ambayo umma hauioni. Anakadiria gharama ya ugonjwa: matibabu, siku za kazi zilizopotea, miaka ya afya iliyokatika. Anakadiria gharama ya kanuni kwa mkubwa na kwa mdogo. Kisha anaandika ushauri wa kurasa chache kwa bodi ambayo ina haraka. Uwanja ni mpana: Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilikadiria kuwa kila mwaka watu milioni 600 huugua kwa chakula na 420,000 hufa, theluthi moja hivi wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Usidhani fani hii ni ya kuzuia tu. Asali ya miombo ya Tabora inatufundisha upande wa tuzo. Kiwango cha kimataifa kinataka unyevu usizidi asilimia 20, kwa sababu asali iliyorinwa mbichi huchacha. Soko la Ulaya linataka pia nchi iwe na mpango wa kupima masalia ya dawa, na Tanzania imo katika orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuuza asali huko. Mrina asali wa Sikonge hawezi kutimiza hayo akiwa peke yake, lakini ushirika wenye kituo cha kuchujia na kipima unyevu unaweza. Ubora ukipimwa na ukalipwa, mrina hangoji kushurutishwa. Husubiri nyuki wayafunike masega kwa sababu subira yake ina bei.

Kwa hiyo, msomaji, usianze na vitabu pekee. Nenda soko lililo karibu nawe, chagua zao moja, ulifuatilie kutoka shamba hadi chungu, na uandike bei ya kila daraja: zuri, la kati na lililokataliwa. Usiishie kwenye lile zuri. Tanzania ina wakemia hodari na wakaguzi wenye bidii. Wanaohitajika sasa ni wachumi wa kuwaeleza watunga sheria nani analipa na nani anakula kilichobaki. Sheria ya chakula isiyomlinda anayenunua fungu la pili haijamlinda anayeihitaji.