Tokeni, Uniti na Kifurushi: Istilahi za Madaraja ya Malipo ya Visaidizi vya Kuandikia Programu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna mzungumzaji wa Kiswahili wa Dar es Salaam anavyoweza kuyafahamu madaraja ya malipo ya visaidizi vya kuandikia programu, yaani mitambo ya akili unde inayomtungia mwandishi wa programu sehemu za msimbo na kumsahihishia makosa. Hoja inayotetewa ni kwamba ufahamu huo hukwazwa zaidi na istilahi kuliko na teknolojia, kwani maneno yanayotumiwa yamekwisha kupewa maana nyingine mitaani. Mifano imeegemea Kariakoo, mahali ambapo jina lake lenyewe ni mkopo uliotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

2.0 Msamiati uliopo

Tuanze na 'usajili', neno linalotumiwa mara nyingi kwa malipo ya kila mwezi. Kwa mnunuzi wa Kariakoo, kusajili laini ni kuandikisha jina na alama za vidole; hakuna ada inayorudiwa mwezi kwa mwezi. Neno linalobeba dhana ya malipo yenye kikomo cha muda ni 'kifurushi', ambacho mtu 'hujiunga' nacho. Kimofolojia ni udogo wa 'furushi', mzigo uliofungwa katika nguo, na mzigo wa namna hiyo haujulikani ndani una nini mpaka ufunguliwe. Bei mpya za vifurushi vya simu zilipozua malalamiko Aprili 2021 hata zikasitishwa, lililogombewa lilikuwa hasa ni wingi wa kilichomo kwa shilingi ileile. Mnunuzi mzoefu hauulizi ukubwa wa bei tu. Huuliza GB ngapi, na zinaisha lini.

LUKU ina funzo kubwa zaidi. Jina hilo ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na ni vigumu kupata maelezo bora ya malipo ya kadiri ya matumizi katika lugha yoyote. Mteja hulipa, hupokea tokeni, yaani nambari yenye tarakimu 20, huiingiza katika mita, na mita huongeza uniti. Tokeni hapa ni chombo. Kipimo ni uniti. Tokeni moja yaweza kubeba uniti 5 au 500. Katika akili unde mambo hugeuka: tokeni ndiyo kipimo chenyewe, kipande cha maandishi ambacho modeli hukisoma au hukitoa. Kisawe chake katika LUKU, basi, ni 'uniti'. Anayekosa kulitambua hilo huambiwa kuwa amepewa tokeni milioni 1, akadhani amepewa utajiri.

Wapo wanaouza kwa mtindo wa LUKU halisi: hapana ada ya mwezi, bali hutozwa kila tokeni inayosomwa na kila inayotolewa, na zinazotolewa huwa ghali zaidi.

3.0 Jina moja, vipimo viwili

Neno 'daraja' huleta picha ya treni, ambamo abiria wa daraja la kwanza na wa la tatu hufika stesheni moja. Katika visaidizi hivi, wa daraja la chini huweza kuteremshwa njiani. GitHub Copilot ilipofunguliwa kwa umma Juni 2022, ada ya mtu binafsi ilikuwa dola 10 kwa mwezi. Desemba 2024 likaongezwa daraja la bure, lenye mapendekezo ya msimbo 2,000 na maombi ya mazungumzo 50 kwa mwezi. Mwaka 2025 daraja la dola 10 liliwekewa maombi 300 kwa modeli zenye nguvu.

Mfano wa Cursor ni wa wazi zaidi. Hadi Juni 2025 daraja lake la dola 20 lilihesabiwa kwa maombi, 500 kwa mwezi. Ndipo hesabu ikabadilishwa kuwa matumizi yenye thamani ya dola 20 kwa bei za modeli. Jina la daraja halikubadilika, wala ada yake. Kilichobadilika ni uniti. Ombi refu lililokuwa sawa na ombi fupi likaanza kula sehemu kubwa ya kifurushi. Malalamiko yalikuwa mengi, na Julai 2025 kampuni iliomba radhi na kuahidi kurejesha fedha za tozo zisizotarajiwa.

4.0 Kiswahili ndani ya kipimo

Mbinu mashuhuri ya kukata maandishi kuwa tokeni ilitokana na njia ya kubana data aliyoieleza Philip Gage mwaka 1994: herufi zinazofuatana mara nyingi huunganishwa kuwa kipande kimoja. Mara nyingi katika matini zipi? Hasa za Kiingereza. Neno 'hawatatupikia' lina mofimu saba (ha-wa-ta-tu-pik-i-a), lakini mashine haifuati mipaka hiyo. Huchanika popote takwimu zinapoelekeza, na kwa kawaida maana ileile hugharimu tokeni nyingi zaidi katika Kiswahili. Utafiti wa Aleksandar Petrov na wenzake wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa baina ya lugha za dunia tofauti hiyo huweza kufika mara 15, ingawa lugha zilizoathirika hivyo ni zile za hati zisizo za Kirumi.

Haifai kulikuza jambo hili. Katika uandishi wa programu, sehemu kubwa ya tokeni hutokana na mafaili ya msimbo yanayosomwa upya kwa kila ombi, na msimbo huo hujaa maneno ya Kiingereza. Lakini programu inapotakiwa izungumze Kiswahili yenyewe, iandike risiti, ujumbe kwa wateja na maelezo ya bidhaa za duka la Mtaa wa Kongo, tofauti hurudi, na mwenye duka huilipia kwa dola.