Msimsubiri Padre, Maji Yanakupwa



Mwinjili Marko, katika sura ya pili, anatusimulia habari ya mtu aliyepooza kule Kafarnaumu. Watu wanne walimbeba. Walipokuta mlango umejaa watu, walipanda juu, wakatoboa dari na kumteremsha mbele ya Yesu. Kwa miaka mingi nimehubiri habari hii nikisisitiza msamaha wa dhambi. Mzee mmoja wa delta ya Rufiji ndiye aliyenifundisha kutazama pia mikono ya wale wanne.

Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya katika kigango kimoja kati ya mikoko, upande wa Kibiti. Kazi yake ilikuwa uvuvi wa kamba, na sauti yake ndiyo iliyotuongoza katika rozari. Alfajiri moja aliamka mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki, maneno hayatoki. Majirani wakasema ni upepo mbaya. Mmoja akaleta ubani, mwingine kitabu cha sala. Wote wakakubaliana jambo moja: aitwe kwanza padre.

Nilikuwa nimelala kigango cha jirani, nikafika mapema. Boti ilikuwa tayari na maji bado yapo. Nikampaka Mafuta Matakatifu, tukasali litania, tukaimba, na kila mzee akataka kusema neno. Tulipotoka nje, maji yalikuwa yamekupwa na boti imekaa juu ya tope. Mtu wa delta anajua maana yake. Baadaye vijana wanne, wawili wao Waislamu, walimbeba juu ya kitanda wakizama kwenye tope hadi mapajani, wakamfikisha kwenye mkondo mkubwa. Alifika hospitali usiku.

Hakufa. Lakini mkono ule hadi leo hauvuti wavu, na rozari anaifuata kwa macho tu.

Mkewe alinionyesha vidonge vya presha vilivyobaki kwenye mfuko wa nailoni. Mzee aliviacha miezi kadhaa kabla, akisema hana kinachomuuma. Hapo ndipo penye mtego, ndugu zangu: presha kwa kawaida haiumi. Kipimo kikirudiwa na kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi, mishipa inaumia kimyakimya. Siku moja mshipa wa ubongo unazibwa na damu iliyoganda, au unapasuka. Hicho ndicho kiharusi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walipima watu Ilala na Hai. Kati ya waliokutwa na presha, hata mmoja kati ya watano hakufika aliyejua kuwa anayo. Walioidhibiti vizuri hawakufika mmoja kati ya mia. Utafiti mwingine, wa mwaka 2003 hadi 2006, ulionyesha kuwa kiharusi kinawapata watu wa Dar es Salaam karibu mara tatu kuliko wa Hai. Watu walipoulizwa chanzo chake, Dar es Salaam wengi walitaja mapepo na uchawi. Hai wengi walitaja presha, mafuta na msongo wa mawazo. Sisi wa Kibiti na Rufiji tujiulize: tungejibu nini?

Basi tushike dalili tatu. Uso kupinda upande mmoja. Mkono au mguu kukosa nguvu ghafla. Ulimi kuwa mzito. Ukiona hata moja, angalia saa dalili ilipoanza, kwa sababu daktari atauliza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu, tena baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kuwa hakuna mshipa uliopasuka. Usimpe mgonjwa chakula, maji wala aspirini. Mlaze ubavu, mtafutie chombo, mwondoke. Hata kama dawa hiyo haipo karibu, kuwahi hospitali kunaokoa maisha na kupunguza ulemavu.

Na wenye presha, tumeze vidonge kila siku hata tukijisikia wazima. Nasema "tumeze" kwa sababu vyangu viko kando ya kitabu changu cha sala. Tupunguze chumvi: isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye ng'onda na papa mkavu. Anayekuambia utupe dawa ili uonyeshe imani, usimsikilize. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, maana Mungu ndiye aliyemweka, na dawa zinatoka katika ardhi aliyoiumba Yeye.

Mpako wa wagonjwa ni sakramenti, nami nitauleta popote: gatini, hospitalini, hata ndani ya boti inayokwenda. Lakini chombo kiondoke kwanza. Marko anasema Yesu aliiona imani ya wale wabebaji. Aliionaje? Aliwaona wakitoboa dari, hawakukaa nje kusubiri watu wapungue. Asubuhi ile mimi ndiye niliyesubiriwa, na deni hilo ninalibeba kila ninapomtembelea mzee wetu.

Leo baada ya Misa, kabla hujafika nyumbani, muulize mzazi wako: dawa ya leo umemeza?