Majeraha ya Vita Yasiyoonekana na Msaada Unaoanzia Kijijini

Kwa zaidi ya nusu karne Mkoa wa Kigoma umekuwa kimbilio la watu walionusurika vita. Warundi waliingia mwaka 1972, wakaingia tena mwaka 1993 na 2015. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Wengine wamerejea kwao, wengine wangali kambini, na wapo walioishi vijijini miaka mingi hata wakawa majirani na wakwe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo yaliyokumbwa na vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Tatizo hilo halina kovu. Mtu hushtuka mlango ukigongwa, huota jinamizi lile lile kila usiku, huikwepa njia fulani, hufoka bila sababu inayoonekana, au hunywa pombe ili apate usingizi. Jirani asiyejua humwita mkorofi, au husema amerogwa.

Wataalamu wa magonjwa ya akili ni wachache, na wagonjwa wengi wa namna hii hawahitaji kulazwa. Wanachohitaji kwanza ni watu wa kuaminika. Mfano wa karibu upo Rwanda, ng'ambo ya Burundi. Mwaka 2005, huko Byumba, ulianzishwa mpango uitwao Mvura Nkuvure, yaani "niponye, nikuponye". Watu 10 hadi 15 wa eneo moja hukutana mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 15, wakiongozwa na wenzao wawili waliopewa mafunzo. Huanza na usalama, wakaendelea na kuaminiana, kujaliana, heshima na kanuni mpya za kuishi pamoja. Kumbukumbu za yaliyotokea huja mwisho. Katika vikundi hivyo walionusurika mauaji ya kimbari mwaka 1994 wameketi pamoja na watu waliotoka gerezani kwa makosa ya wakati huo.

Mpangilio huo una sababu. Wengi hudhani kwamba anayeumia atapona akilazimishwa kusimulia yote, na mara nyingi wanaomhoji ni wenye nia njema. Shirika la Afya Duniani halishauri kumtaka mtu asimulie tukio lote mara tu baada ya kupatwa nalo. Asiyejisikia salama, akihojiwa, huona kama amerudishwa pale pale alipokimbia. Kwa hiyo ni vyema kumwuliza kama amekula na kama analala, kumsikiliza akipenda kuzungumza, na kunyamaza naye asipopenda. Huku Kigoma ipo akiba nyingine: Kiha na Kirundi ni lugha za karibu mno, na watu husikilizana bila mkalimani.

Vikundi vya kuweka na kukopa, vya kilimo na vya ibada si tiba kwa jina, lakini humrudisha mtu miongoni mwa watu. Kumwalika aliyejitenga, na kumwalika tena akikataa, ni msaada halisi.

Hata hivyo kikundi hakitoshi kwa kila mtu. Anayesema anataka kufa, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyeacha kula kwa siku kadhaa apelekwe zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake, na sumu za shambani ziondolewe nyumbani. Kumfunga kamba si matibabu. Zahanati ikishindwa hutoa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka hapo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Mambo ya kifamilia, kama ukatili au watoto kukosa malezi, yafikishwe kwa afisa ustawi wa jamii kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Kwa mtoto aliye hatarini, namba ya kupiga bila malipo ni 116.