Intaneti ya nyumbani: tunauziwa nini hasa?

Miongoni mwa matumizi ambayo wazazi wetu hawakuyajua katika hesabu ya nyumba, na ambayo leo yamekaa safu moja na unga, mkaa na nauli, ni bando. Zamani mtoto aliomba fedha ya daftari. Leo anaomba ya daftari na ya bando, na mara nyingine ni mwalimu wake mwenyewe aliyemtuma, kwa kuwa zoezi limewekwa kwenye kundi la WhatsApp. Anayetaka mkopo wa elimu ya juu huomba kwa mtandao. Anayetaka matokeo ya mtihani huyatazama kwa mtandao. Shangazi aliyeko Muscat hapigi tena simu ya kawaida. Hupiga kwa intaneti, na asipojibiwa hudhani kuna msiba. Hatuzungumzii anasa, basi.

Kwa sababu hiyo manung'uniko tunayoyasikia barazani kila baada ya swala ya Ijumaa hayafai kupuuzwa: bando limekwisha kabla ya siku zake, kasi iliyoahidiwa haionekani, ruta iliyonunuliwa kwa fedha nyingi imegeuka pambo la kabatini. Tumeona ni vyema kuyaandika kwa utaratibu, tukitenganisha lililo dhulma na lile ambalo ni ghali tu. Mambo hayo mawili aghalabu huchanganywa, na anayeyachanganya hushindwa kudai haki yake.

Tuanze na yaliyotukuta sisi wenyewe. Kamati ya msikiti wetu, hapa Mbagala, ilijiunga mwaka huu na huduma ya intaneti ya kampuni moja, ikilipa kila mwezi kutoka katika sadaka za Ijumaa. Makusudio yalikuwa mawili. La kwanza ni chumba cha kompyuta sita za msaada, wanazozitumia vijana wa sekondari baada ya Alasiri. La pili ni darsa ya fiqhi ya akina mama, ambayo ustadhi huisomesha madrasani kila Jumanne baada ya Isha na ambayo hurushwa moja kwa moja kwa wasioweza kufika: wenye vichanga, mama mmoja mgonjwa wa miguu, na mwingine aliyefiwa na mumewe na yumo katika eda ya miezi minne na siku kumi. Huyu wa mwisho alituletea salamu kwamba Jumanne ndiyo siku anayoihesabu katika wiki.

Tangazo tulilolifuata lilisema intaneti “bila kikomo”, kasi “hadi” megabiti 20 kwa sekunde. Mwezi wa kwanza, siku ya 17, darsa ikiwa katikati ya mlango wa hedhi na istihadha, mahali ambapo maswali ni mengi na kukatika kwa sentensi moja kunaweza kumharibia mtu ibada yake, picha iliganda na sauti ikaanza kukatika. Tulipopiga simu huduma kwa wateja, baada ya muziki mrefu, kijana mwenye adabu sana alitueleza kwamba tumevuka gigabaiti 100, na kwa mujibu wa “sera ya matumizi ya haki” kasi yetu imeshushwa hadi mwisho wa mwezi. Tukauliza sera hiyo imeandikwa wapi. Imo, akasema, katika vigezo na masharti. Kwa kweli imo, katika ukurasa wa 9.

Hapa inafaa kupiga hesabu, nayo si ngumu. Kasi hupimwa kwa megabiti, ilhali ujazo wa bando hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Watu wengi huona maneno hayo mawili yanafanana wakadhani ni kitu kimoja. Kwa hiyo megabiti 20 kwa sekunde ni sawa na megabaiti 2.5 kwa sekunde. Ukiitumia kasi hiyo yote bila kupumzika, gigabaiti 100 zitakwisha kwa sekunde 40,000, yaani saa 11 na dakika chache. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Kampuni imetangaza kasi ya mwezi mzima, lakini imeweka kiasi ambacho kasi hiyo ingekimaliza katika muda usiotimia nusu siku. Hakuna mtu anayetumia intaneti kwa namna hiyo, tunakubali. Lakini hesabu hii inatuonesha uzito wa neno “bila kikomo” pale linapowekwa juu ya mizani.

Na neno “hadi” nalo lina mambo yake. Katibu wa kamati alipewa kazi ya kupima kasi kwa mwezi mmoja, baada ya Alfajiri, baada ya Adhuhuri na baada ya Isha, na kuandika katika daftari. Alfajiri ilifika megabiti 17 na 18. Adhuhuri ilikuwa 9 au 10. Baada ya Isha, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani na kila sebule inatazama kitu, ilikuwa 3, wakati mwingine 2. Sababu yake si siri: mnara mmoja unahudumia nyumba nyingi, na uwezo wake hugawanywa kwa waliopo. Zaidi ya hayo, kasi inayotangazwa aghalabu ni ya kupakua, yaani kupokea. Kasi ya kupakia, ambayo ndiyo inayobeba darsa kutoka madrasani kwenda majumbani, huwa ndogo zaidi na katika matangazo haitajwi kabisa.

Sheria ya Kiislamu inasemaje? Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharari, yaani inayofichika hali yake, kama ilivyopokewa na Abu Huraira (r.a.) katika Sahihi ya Muslim. Lakini wanachuoni hawakuichukulia kila hali ya kutojulikana kuwa ni gharari iliyoharamishwa. Imamu Nawawi, akiifafanua hadithi hiyo, ametaja kwamba wanachuoni wamewafikiana kuhusu kujuzu kuingia hamamu kwa malipo, ingawa watu hutofautiana katika kiasi cha maji wanayoyamwaga na muda wanaokaa humo. Mfano huu unatufaa mno, kwa sababu hamamu ni intaneti bila kikomo ya zama zile. Unalipa bei moja, mmoja huoga haraka na mwingine hukawia, na mwenye hamamu amekwisha kukadiria kwamba wote kwa jumla hawatamtia hasara. Kutojulikana huko ni kudogo na watu wamekuzoea.

Basi tumfikirie mwenye hamamu aliyetundika mlangoni kibao cha “oga utakavyo”, kisha baada ya kata kadhaa akafunga bomba likabaki kudondoka matone, na kanuni ya kufunga bomba ameiandika nyuma ya mlango wa stoo. Hata kama mteja alitia saini, kuna swali la kuulizwa hapa. Sisi si mamufti, na kutoa fatwa kuhusu mkataba wa kampuni fulani ni kazi ya wenye elimu zaidi yetu. Lakini sharti la ijara ni kujulikana manufaa, muda na ujira, na sharti zito linalofichwa haliwezi kusemwa kuwa limejulikana.

Suala la bando linalokufa ni gumu zaidi, na hapa wasomaji wengine huenda wasikubaliane nasi. Yapo maneno mengi mitaani kwamba kufuta gigabaiti zilizobaki ni wizi wa wazi. Kampuni hujibu kwamba zimekodisha huduma kwa muda, na aliyepanga chumba mwezi mmoja asilale humo hawezi kudai kodi yake. Jibu hilo lingekuwa na nguvu lau wangeuza kwa muda peke yake. Lakini wao wanauza kwa kipimo, kama mchele, kisha wanafuta kwa kalenda, kama kodi ya chumba. Likiisha kabla ya siku, wanasema umekula mchele wako. Likibaki, wanasema siku zako za kupanga zimekwisha. Muuzaji amechukua hukumu yenye faida katika kila mlango. Tunaloliona jepesi katika haya ni kwamba mteja akijua tangu mwanzo, akapewa na bando lisilo na muda kama chaguo, hata likiwa ghali kidogo, amechagua kwa ridhaa.

Ama kuhusu ughali wenyewe, tuwe waangalifu. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei, naye hakukubali, akieleza kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kupanga bei na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake bila ya kudaiwa dhulma na mtu. Hadithi hiyo, iliyopokewa na Anas (r.a.) na kutajwa na Abu Daud na Tirmidhi, inatufundisha kwamba bei kubwa peke yake si dhulma. Ibn Taymiyya, katika kitabu chake juu ya hisba, alifafanua kwamba mamlaka huingilia kati pale wauzaji wanapowadhulumu watu, mathalani wanapoafikiana kuwabana. Kwa hiyo swali letu kwa kampuni lisiwe “kwa nini ghali” tu, bali “umenipimia sawa na ulivyosema?” Ndilo swali la mwanzo wa Suratul Mutaffifin.

Nchi yetu inao mfano wa karibu. Ijumaa ya tarehe 2 Aprili 2021 wateja waliamka wakakuta vifurushi vimepungua ujazo kwa bei ileile au bei imepanda, kufuatia utaratibu mpya wa vifurushi. Kelele zilikuwa kubwa, na serikali ikasitisha bei hizo mpya. Wengi wanakumbuka kelele, lakini sisi tungependa ikumbukwe zaidi sehemu ya utaratibu ule isiyopigiwa kelele: wajibu wa kampuni kumjulisha mteja matumizi yake kabla bando halijakwisha. Ni sharti dogo, ila ndilo hasa la kuondoa gharari.

Uadilifu unatutaka pia tuseme la upande wa pili. Intaneti yetu kwa sehemu kubwa hupita chini ya bahari. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ukaanza kazi mwaka uliofuata. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana kwa siku kadhaa. Siku zile hapakuwa na wa kulaumiwa mtaani kwetu. Kuna minara ya kuendesha, na kuna kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa vinavyoingia ndani ya kila bando na ambavyo kampuni haivifaidi.

Na sisi wateja tunayo yetu. Ukiacha video ijichezeshe yenyewe moja baada ya nyingine, kwa ubora wa juu kabisa, katika simu ndogo ambayo jicho halitofautishi, saa moja inaweza kula zaidi ya gigabaiti 1. Kwa ubora wa wastani ingekula nusu yake au chini. Kompyuta zetu sita tulizikuta zikijisasisha zenyewe usiku, kila moja peke yake. Kisha kuna nywila. Kijana anayeivunja nywila ya jirani na kutumia intaneti yake bila idhini anakula mali ya mtu, hata kama anasikilizia tafsiri ya Qur'ani. Na jirani anayetaka kugawana ruta na nyumba tatu kwa kuchangishana, nia yake ni njema na haki ya jirani ni kubwa, lakini atazame mkataba wake kwanza, kwani Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali. Tukidai kampuni itimize neno lake, nasi letu tulitimize.

Anayeona amepunjwa asiishie barazani. Aanze kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, na apewe namba ya lalamiko. Simu bila namba ni mazungumzo tu. Asiporidhika, apeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria hiyohiyo ndiyo iliyoweka baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za mawasiliano ili wateja nao wawe na sauti. Risiti, picha ya tangazo na vipimo vya kasi vyenye tarehe na saa vina nguvu kuliko hasira. Daftari la kamati lilitugharimu shilingi chache na dakika tatu kila swala.

Barua yetu imeshapelekwa, ikiwa na kurasa nne za vipimo na nakala ya tangazo. Kampuni imejibu kwa ujumbe mfupi kwamba lalamiko linashughulikiwa, na namba tunayo. Hatuombi kurudishiwa fedha. Tunaomba kikomo cha gigabaiti 100 kiandikwe juu ya bango, kwa herufi zilezile za “bila kikomo”, na mteja ajulishwe kabla hajakifikia. Kwa kuwa fedha hizo ni amana ya waumini, kamati itawasomea jibu lolote litakalokuja, baada ya swala ya Ijumaa.

Kwa sasa darsa inarekodiwa kwa sauti tupu, ambayo ni nyepesi, na kutumwa baada ya Alfajiri wakati mnara umepumua. Mama wa eda amebakiwa na wiki tano. Maswali yake huja kwa karatasi, mkononi mwa mjukuu, kila Alhamisi asubuhi, na ustadhi humjibu mwanzo wa darsa inayofuata.