Gesi ya shinikizo kubwa chini ya bahari: mfano wa Elgin na Franklin

Katika Bahari ya Kaskazini, kiasi cha kilomita 240 mashariki ya Aberdeen, Uskoti, yamo machimbo mawili jirani ya gesi: Franklin, yaliyogunduliwa mwaka 1986, na Elgin, mwaka 1991. Maji ya hapo hayafiki kina cha mita 100. Lakini gesi imelala zaidi ya mita 5,000 chini, katika mwamba wa mchanga wa zama za Jura. Joto lake la asili lilikuwa digrii 190 hivi, na shinikizo lake takriban mara 1,100 ya lile la hewa ya kawaida.

Shinikizo la namna hiyo hutokea pale tabaka zisizopitisha maji zinapoufunika mwamba. Vimiminika vilivyomo hukosa njia ya kutoka, navyo hubeba sehemu ya uzito wa miamba ya juu.

Katika hali hiyo mafuta mepesi huwa yameyeyuka ndani ya gesi. Mvuke wa kawaida hugeuka maji unapobanwa. Gesi hii, kinyume chake, hutoa matone inapolegezwa. Matone yakitokea jukwaani, ni mali. Yakitokea ndani ya mwamba, hunata kwenye chembe za mchanga, huziba njia ya gesi, na mengi hubaki huko.

Uchimbaji ulianza mwaka 2001. Kadiri gesi inavyotolewa, shinikizo hushuka, mwamba hujikunja, na mabomba ya visima huelemewa. Kutoboa kisima kipya nako huwa kugumu: tope zito linalohitajika kuzuia tabaka za juu zenye nguvu laweza kuupasua mwamba wa chini uliokwisha kudhoofika.

Tarehe 25 Machi 2012, gesi ilivuja katika kisima G4, ambacho kilikuwa kimeacha kuzalisha. Watu 238 waliondolewa, hakuna aliyeumia. Gesi hiyo haikutoka katika mwamba uliokuwa ukichimbwa, bali katika tabaka la chaki lililo juu yake. Mwezi Mei kisima kilizimwa kwa kusukumiwa tope zito, na uzalishaji ukarejea Machi 2013.

Basi mchimbaji hawezi kuitazama hazina peke yake. Kila tabaka ambalo kisima hupitia lina nguvu yake, hata lile lisilotarajiwa kuleta faida yoyote.