Kuwasha injini nusu saa hakujazi betri

"Fundi, niwashe injini dakika ngapi kila siku ili betri zisife?" Swali hili huanza kunifikia Aprili, kusi likishaingia na boti za matanga zikishafungwa kwenye maboya ya hori la Kilifi kungoja msimu. Hurudi Agosti, shule zinapofungwa na watoto wanapokuja kulala chomboni kwa babu na bibi. Hurudi tena Disemba. Kila anayeuliza ameshapewa jibu na jirani wa boya la pili: nusu saa. Wapo walioambiwa robo saa asubuhi na robo saa jioni, kama dozi ya dawa.

Jibu langu ni sifuri. Usiiwashe kabisa kwa sababu hiyo. Na kwa kuwa nikisema hivyo naonekana mvivu wa kushauri, nitaeleza hapa kwa urefu.

Tuanze na hesabu, maana hesabu peke yake ingetosha. Chukua boti ya mita 11 au 12 wanamoishi watu wawili. Friji ya volti 12, kwa joto letu la pwani, hula ampea-saa 40 hadi 50 kwa siku. Ongeza feni, taa, pampu ya maji, redio na simu, unafika 70 au 80. Wakija binti, mkwe na wajukuu, friji haifungwi, feni hazizimwi usiku kucha, na kila soketi ina simu: umepita 100. Akija fundi wa mbao na grainda ya wati 1,000 akaichomeka kwenye inveta, nusu saa ya kazi yake ni sawa na friji kwa siku nzima.

Sasa tazama kinachoingia. Altaneta yako imeandikwa ampea 60. Namba hiyo ni ya injini inayozunguka kwa kasi na altaneta ambayo haijapata moto. Injini ikiunguruma polepole bila gia, haitoi hata nusu yake. Tuseme inatoa 20, na hapo nimekuwa mkarimu. Nusu saa ni ampea-saa 10. Umetumia 80, umerudisha 10, na kesho utarudia. Hakuna betri duniani inayojaa kwa mapato ya namna hiyo.

"Basi niiwashe saa mbili." Hapana. Betri ya risasi na asidi hujazwa kama mtungi wenye shingo nyembamba: mwanzoni unamimina kwa nguvu, lakini maji yakifika shingoni huna budi kumimina kidogo kidogo, la sivyo yanamwagika. Mpaka asilimia 80 hivi inapokea kwa haraka. Asilimia 20 za mwisho zinataka saa kadhaa, kwa takriban volti 14.4, huku mkondo ukipungua kadiri muda unavyokwenda. Hata ufunge altaneta ya lori, betri haitakubali kuharakishwa. Injini ya dizeli inayounguruma saa tano ili kusukuma ampea nne ni uharibifu, na majirani hawapati usingizi.

Asilimia hizo 20 za mwisho ndizo uhai wa betri. Kila unapotumia umeme, bamba za risasi hupakwa salfeti. Chaji kamili huiyeyusha na kuirudisha kwenye asidi. Betri ikiachwa nusu kwa wiki nyingi, salfeti hiyo hugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiwezi tena kuziondoa, na sehemu hiyo ya bamba imekufa. Betri ambayo ingekaa miaka mitano inaweza kuishia ndani ya msimu mmoja wa kusi. Mwenyewe atalaumu duka. Atakuja mwingine amwambie aongeze asidi, dawa ambayo mafundi wa barabarani wanaipenda sana. Asidi haikupotea. Salfeti yake iko kwenye bamba, imeganda. Kuongeza nyingine ni kuzila bamba zilizobaki. Kinachopungua kwa mvuke ni maji, na kinachoongezwa ni maji yaliyotoneshwa, si ya mvua wala ya bomba.

Najua kinachowadanganya watu. Ni ile mita ya volti. Injini inaunguruma, mita inasoma 14.1, mtu anaridhika kwamba betri imejaa. Ulichosoma ni msukumo wa altaneta. Hata ukizima na kuona 12.9, hiyo ni chaji ya juujuu inayopotea baada ya muda mfupi. Betri hupimwa alfajiri, jua halijapiga paneli, kila kitu kikiwa kimezimwa na betri imepumzika saa chache. Hapo 12.7 ni imejaa, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 unaiumiza. Nawasihi wanaoniuliza wapime hivyo asubuhi tatu mfululizo kabla ya kunipigia simu. Wengi hawapimi.

Watu wakishindwa kwenye hesabu ya betri hukimbilia upande wa pili: "Lakini injini yenyewe si inahitaji kuamshwa isishikane?" Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha, kwa sababu betri ni gharama tu, lakini injini ndiyo itakayokutoa kwenye mwamba siku upepo utakapokatika.

Dizeli imeundwa kubeba mzigo. Moto wake unatokana na mgandamizo, na ukamilifu wa moto huo unataka joto. Ikiunguruma bila gia haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na mabaki yake yanakuwa masizi. Ringi za pistoni hukandamizwa kwenye ukuta wa silinda na nguvu ya mwako. Mwako ukiwa dhaifu haziketi sawasawa, ukuta unang'aa kama kioo, oili inapenya, na utaona moshi wa samawati. Maji yanayozaliwa na mwako, ambayo injini yenye joto huyafukuza kama mvuke, yanabaki ndani ya oili yakichanganyika na asidi. Masizi yanakwenda kwenye kiwiko cha ekzosi, pale maji ya bahari yanapoingizwa kupoza moshi, na masizi yakikutana na chumvi yanaganda. Nimefungua viwiko ambavyo kidole hakipiti. Mwenye boti hajui lolote, kwa maana injini inawaka vizuri kila asubuhi. Atajua siku anaingia mlangoni mwa hori maji yakitoka kwa kasi, anasukuma mafuta, na injini haipumui.

Tena fikiria saa zenyewe. Nusu saa kila siku kwa miezi sita ni saa 90. Kwa mwendo wa noti tano, saa hizo zingekutoa Kilifi zikakufikisha Mtwara. Umechakaza injini safari nzima ya pwani ukiwa umefungwa kwenye boya, na umechoma karibu lita moja ya dizeli kwa kila saa.

Hujibiwa hapo kwamba mbona majahazi ya Lamu yana injini za miaka na miaka. Ndiyo, na sababu iko wazi kwa anayetazama. Injini ile inasukuma shehena ya mchanga, mawe au boriti kwa saa nyingi, ikiwa na moto wake kamili, halafu inazimwa. Nahodha haiwashi ili aisikilize. Wala hana friji.

Kuna watu wameelewa yote haya kisha wakanunua jenereta ndogo ya petroli wakaiweka sitahani. Kwa hao sina ukali, nina hofu. Katika hori zetu boti huelekeza omo kule mkondo unakotoka. Maji yakipwa, omo inatazama bara na tezi inatazama bahari, huku upepo wa kusi ukiingia kutoka baharini. Yaani upepo unatoka nyuma, na moshi wa jenereta iliyowekwa tezini unateremka moja kwa moja kwenye mlango wa kabini wanamolala watoto. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na aliyelala haimwamshi. Saa sita baadaye maji yanajaa, boti inageuka, na kila mtu anaona mahali pale ni salama. Injini ya boti yenye ekzosi inayovuja ni hatari ileile. Usilale huku chochote kinachochoma mafuta kikifanya kazi.

Basi, la kufanya. Paneli za sola: jua letu hutoa wastani wa saa tano kamili kwa siku, na paneli ya wati 100 kwa uhalisia inakupa ampea-saa 25 hadi 30. Wati 300 zinatosha wawili. Kwa familia weka zaidi. Zifunge juu ya fremu ya tezini, si chini ya tanga, kwa sababu kivuli cha kamba moja ya mlingoti kinaweza kupunguza sana umeme wa paneli, na boti inageuka na mkondo. Weka kidhibiti chaji, na fyuzi karibu na betri. Betri ya kuwashia injini itenganishwe na za nyumbani, ili wageni wakimaliza umeme injini bado iwake. Ukihamia lithiamu, usiiunge moja kwa moja na altaneta ya zamani: itavuta mkondo wote bila kupumzika mpaka altaneta iungue. Tumia chaja ya betri kwa betri. Usizime swichi kuu ya betri injini ikiwa inazunguka. Fundi akichomelea chuma chomboni, tenganisha nyaya za altaneta kwanza. Grainda na randa za umeme zifanye kazi mchana, jua likiwa kali, au kazi ipelekwe ufukweni.

Wiki ya mawingu ya Mei, zima friji ununue barafu. Ni rahisi kuliko betri.

Injini nayo: badilisha oili kabla ya kuifunga, isikae miezi na asidi ndani. Jaza tangi la dizeli hadi juu, unyevu usigande ukutani mwake. Kagua impela na zinki. Ukitaka kuiamsha, fungua boya kila baada ya wiki mbili au tatu, uende nayo saa nzima horini ikiwa na gia na mzigo mpaka ipate joto lake, kisha urudi. Ukiwa boyani usitie gia kamwe watoto wakiwa majini, hata kwa sekunde, na kabla ya kuwasha hesabu vichwa vyote sitahani. Kengele ya kaboni monoksaidi ifungwe kabini, kwenye usawa wa mto wa kulalia, na ijaribiwe kabla ya wageni kupanda.